Je, Aliyeombewa Aendelee Kupimwa Moyo?

Swali tunaloliweka mbele yenu, wapendwa wasomaji, ni fupi, lakini jibu lake limewagharimu watu uhai. Mkristo mwenye ugonjwa wa moyo ameombewa. Wazee wa kanisa wamemwekea mikono, wamempaka mafuta kama Waraka wa Yakobo unavyoelekeza, naye amejisikia nafuu. Je, aendelee kwenda kliniki kila mwezi kusikilizwa moyo? Au kwenda kwake huko ni kusema kwa vitendo kwamba hakuamini alichokiomba?

Hapa kwetu Mwembesongo, katika Manispaa ya Morogoro, swali hili si la darasani. Jioni vipaza sauti vya mikutano ya maombi vinasikika kutoka pande mbili tatu kwa wakati mmoja. Asubuhi wagonjwa wanapanga foleni katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Mara nyingi ni watu wale wale. Wengine wanakwenda hospitali kwa kujificha, kama mtu anayekwenda mahali pa aibu, kwa sababu wiki iliyopita walisimama mbele ya umati wakashuhudia kwamba wamepona. Sisi tulio wachungaji hatuwezi kuwaacha watu hao peke yao na swali hilo.

Kinachosikilizwa kifuani

Kabla ya kujibu, tuelewe kwanza daktari anasikiliza nini. Moyo wa mtu mzima hupiga kama mara laki moja kwa siku. Kila pigo lina sauti mbili: dum-ta, dum-ta. Wengi hudhani ni moyo unaogonga kifua. Sivyo. Ni milango inayofungwa. Ndani ya moyo mna vyumba vinne na milango minne midogo ambayo madaktari huiita valvu. Damu ikishapita, mlango hufungwa nyuma yake ili damu isirudi ilikotoka. Sauti ya kwanza ni ya milango miwili iliyo kati ya vyumba vya juu na vya chini. Sauti ya pili ni ya milango miwili ya kutokea, mmoja wa kwenda mapafuni na mwingine wa kwenda mwilini.

Mlango mzima hufungwa kwa sauti safi, kisha kunakuwa kimya mpaka pigo linalofuata. Mlango usiofunga sawasawa huvujisha damu irudi nyuma, na hapo husikika mvumo, kama upepo unaopita penye ufa wa dirisha. Mlango uliokakamaa usifunguke vizuri huilazimisha damu ipenye kwa nguvu, na mara nyingi hutoa mngurumo wa chini ambao sikio lisilozoea haliunasi. Si kila mvumo ni ugonjwa. Watoto wengi wenye afya wana mvumo usiodhuru. Lakini daktari au muuguzi aliyezoea anaweza kutambua ule wa hatari, na akisikiliza tena baada ya miezi kadhaa anaweza kuona dalili kama mambo yamebaki vilevile au yamebadilika. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa arudi. Sauti ya leo peke yake haisemi mengi kama sauti ya leo iliyowekwa kando ya sauti ya jana.

Kwa karne nyingi tabibu aliweka sikio lake moja kwa moja kwenye kifua cha mgonjwa. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, daktari René Laennec alimpokea msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo, akaona si heshima kulaza kichwa kifuani pake. Akaviringisha karatasi, akaweka ncha moja kifuani na nyingine sikioni. Akashangaa kuwa anasikia vizuri kuliko kwa sikio tupu. Hivyo ndivyo stetoskopu ilivyoanza. Mwaka 1819 alitoa kitabu kueleza sauti alizozisikia, na mwaka 1826 alifariki kwa kifua kikuu, ugonjwa ambao yeye mwenyewe aliwafundisha wengine kuusikiliza. Tukumbuke kwamba chombo hiki kilizaliwa kwa sababu ya heshima kwa mgonjwa. Tutalirudia jambo hilo mbele.

Siku hizi kuna stetoskopu za kielektroniki zinazokuza sauti ya moyo, kuirekodi na kuichora kama mawimbi kwenye kioo cha simu au kompyuta. Sauti ya mwezi huu inaweza kulinganishwa na ya miezi iliyopita bila kutegemea kumbukumbu ya mtu. Mwaka 2020 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha programu ya akili mnemba inayomsaidia daktari kutambua kama sauti aliyoirekodi ina mvumo. Kwa nchi yenye wataalamu wachache wa moyo kama yetu, mtu anaweza kuona faida yake: muuguzi wa zahanati ya milimani akisaidiwa kujua ni mgonjwa yupi asisubiri.

Lakini sikio lina mipaka. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa maelfu ya watoto wa shule katika Kambodia na Msumbiji. Watoto walisikilizwa kwanza kwa stetoskopu, kisha wakapimwa kwa kipimo cha eko, kile kinachoonyesha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Picha iliwagundua watoto wenye valvu zilizoharibika karibu mara kumi zaidi ya wale waliogunduliwa kwa kusikiliza. Kwa hiyo moyo uliosikika vizuri si lazima uwe mzima. Hili litatusaidia tutakapofika kwenye habari ya ushuhuda.

Ugonjwa unaoanzia kooni

Kwa watoto na vijana wa nchi zetu, sababu kubwa ya valvu kuharibika ni homa ya rumatiki. Huanza kama jambo dogo. Mtoto wa umri wa shule, hasa kati ya miaka 5 na 15, anaumwa koo kwa bakteria. Asipotibiwa, wiki mbili au tatu baadaye baadhi ya watoto hupata homa na maumivu ya viungo yanayohama, leo goti, kesho kiwiko. Kinga ya mwili, iliyoamka kupigana na bakteria, imegeuka kuushambulia mwili wenyewe, na moyo ukiwemo. Homa inaisha, mtoto anarudi kucheza, na nyumbani kila mtu anasahau. Shambulio likirudi mara ya pili na ya tatu, valvu hukakamaa na kujikunja. Miaka inapita. Siku moja binti wa miaka 22 akiwa mjamzito anashindwa kupumua, kwa sababu ujauzito unaongeza damu mwilini na mlango ulioharibika hauwezi kuipitisha yote.

Ugonjwa huu unapenda mahali watu wanapobanana. Familia ya watu sita katika chumba kimoja cha kupanga hupeana bakteria wa koo kama wanavyopeana mafua. Nasi Mwembesongo tunazijua nyumba hizo, maana ndizo tunazozitembelea. Tunajua pia kwamba mtoto akilalamika koo wapo wanaompeleka kukatwa kimeo badala ya kumpeleka zahanati, na mtoto anarudi na kidonda kipya huku bakteria wakiwa palepale. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka serikali ziupe ugonjwa huu uzito unaostahili. Ni ugonjwa unaozuilika, na kwa sababu hiyo kila kifo chake kinatuuliza swali.

Mtu aliyekwisha kuugua hukingwa na mashambulio mengine kwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne. Si kwa mwezi mmoja. Ni kwa miaka kumi au zaidi, kwa kadiri daktari atakavyoamua. Kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwafuatilia kwa miaka miwili watoto 818 waliokuwa na dalili za mwanzo kabisa. Nusu walipewa sindano hizo na nusu hawakupewa. Ugonjwa ulizidi kwa watoto 3 katika kundi la sindano, na kwa 33 katika kundi lingine. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2022. Nyuma ya tarakimu hizo kuna mama aliyembeba mtoto kila mwezi, akapanga foleni, akamshika mkono wakati wa sindano ambayo inauma sana, akarudi tena mwezi uliofuata ingawa mtoto alionekana mzima.

Hapo ndipo imani na kliniki hugongana. Ugonjwa unaokulaza kitandani hauhitaji mahubiri ili uende hospitali. Ugonjwa unaokuacha ukijisikia vizuri, huku ukikudai urudi kusikilizwa kila mara, ndio unaoleta mashaka.

Hoja ya mbegu

Tutoe mfano mmoja, bila jina, kwa ruhusa ya mwenyewe. Dada mmoja wa mitaa yetu, mama wa watoto wawili, alikuwa akichoma sindano hizo kwa miaka mitatu. Akaenda kwenye mkutano wa maombi, akaombewa, akahisi joto kifuani na wepesi ambao hakuwa nao zamani. Mhubiri akamwambia ametoka kwenye kifungo cha sindano. Akashuhudia mbele ya watu. Kuanzia siku hiyo hakwenda kliniki kwa miezi saba. Mwezi wa saba alianza kuamka usiku akitafuta pumzi, na ndoo ya maji aliyokuwa akiibeba bila shida ikamshinda kabla ya kufika nyumbani. Kadi ya kliniki alikuwa ameificha ndani ya begi la nguo za mtoto, mama mkwe asiione. Alipofika kwetu hakuuliza habari za dawa. Alisema, "Baba Mchungaji, nikirudi kliniki, si nitakuwa nimemfanya Mungu mwongo?"

Mzee mmoja wa kanisa alikuwapo, mtu mcha Mungu, mzaliwa wa Mgeta. Hakuwa na nia mbaya. Alisema, "Mwanangu, ukishapanda mbegu huifukui kila asubuhi uone kama imeota. Ukiifukua utaiua." Hoja hii ni nzito kuliko nyingi zinazopigwa majukwaani, na hatuwezi kuipita juu juu. Anachosema mzee ni kwamba imani ina subira, na kwamba mtu anayechungulia kila mara kama Mungu amefanya kazi amekwisha kuonyesha kuwa hamtumaini. Wako watu wa namna hiyo kweli. Wako wanaohama kutoka kipimo hadi kipimo, kutoka mtumishi hadi mtumishi, na roho zao hazitulii popote.

Lakini mfano wa shamba tuufuate mpaka mwisho, maana Mgeta wanalima. Mkulima wa kule, kwenye yale matuta yaliyopanda mlima kama ngazi, hafukui mbegu yake. Kweli. Lakini haachi kwenda shambani. Anatazama kama jani limegeuka rangi, anapalilia, anaamka usiku kufukuza nguruwe pori. Akiona wadudu kwenye kabichi hasemi kwamba kuwaona ni kukosa imani. Kwenda shambani ni sehemu ya kupanda. Asiyekwenda kabisa tungesema amelitelekeza shamba, wala hakuna ambaye angemsifu kwa imani yake.

Stetoskopu haifukui kitu. Inasikiliza kilichopo. Moyo hauharibiki kwa kusikilizwa, wala uponyaji haufutiki kwa kupimwa. Kama Mungu ameiponya valvu, sikio litasikia mlango unaofungwa vizuri, picha ya eko itathibitisha, na daktari atakuwa na cha kujieleza. Kama bado hajaiponya, au amechagua kumtunza mtu huyu kwa njia ya sindano, tutajua pia. Kwa vyovyote vile tutakuwa tumesimama katika kweli, na Mungu wetu hana ugomvi na kweli. Imani inayoogopa kupimwa imeanza kuogopa kitu ambacho Mungu mwenyewe hakiogopi.

Maandiko na wakaguzi

Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 13 na 14, kuhani alipewa kazi ambayo leo tungeiita ya kliniki. Mtu mwenye alama ya ugonjwa kwenye ngozi aliletwa kwake, naye akatazama. Kama hakuwa na hakika, alimtenga siku saba, akatazama tena. Ikibidi, siku saba nyingine, akatazama tena. Hata aliyepona hakurudi kambini kwa neno lake mwenyewe. Kuhani alitoka nje ya kambi kumkagua kwanza. Torati haikuona kwamba kukagua na kukagua tena ni kumdharau Mungu aponyaye. Iliyaweka yote mawili mkononi mwa mtu yule yule anayetoa sadaka na kubariki.

Bwana Yesu hakuiondoa desturi hiyo. Katika Injili ya Marko 1:40–45 anamtakasa mwenye ukoma kwa neno na kwa mguso. Kisha anamwagiza mambo mawili: asimwambie mtu yeyote, na aende akajionyeshe kwa kuhani, ili huko kukaguliwa kwake kuwe ushuhuda. Tuutazame utaratibu huo. Kukaguliwa kunatangulia, kutangaza kunafuata. Tena Bwana mwenyewe, ambaye alijua kuliko sote kwamba mtu yule amepona, ndiye aliyemtuma akapimwe. Wale kumi wa Luka 17 nao walitumwa kwa makuhani, na walitakaswa wakiwa njiani kuelekea kwenye ukaguzi. Safari ya kwenda kupimwa ndiyo iliyokuwa safari ya kupona.

Wapo watakaotutajia Mfalme Asa, ambaye kitabu cha pili cha Mambo ya Nyakati, sura ya 16, kinamlaumu kwa kuwaendea waganga alipougua miguu. Tusome kwa makini. Kosa la Asa ni kwamba hakumtafuta Bwana. Aliwaweka waganga mahali pa Mungu. Kando yake tumweke Hezekia, katika Isaya 38. Huyu aliugua karibu na kufa, akaomba kwa machozi, akaongezewa miaka 15. Na baada ya ahadi hiyo, nabii Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake. Ahadi ilikwisha kutolewa, na dawa ikawekwa. Hezekia hakuuliza kama kuweka tini kunamfanya Mungu kuwa mwongo.

Sisi Walutheri tuna sababu ya nyongeza. Mwaka 1527 tauni iliingia Wittenberg, na Martin Luther aliandika barua kuwajibu watumishi wa mji wa Breslau waliouliza kama Mkristo anaruhusiwa kuukimbia ugonjwa. Humo aliwaonya watu wanaodharau dawa na tahadhari kwa kudhani ndiyo imani. Alisema watu hao wanamjaribu Mungu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyeumba dawa na kutupa akili ya kuutunza mwili. Yeye mwenyewe alibaki mjini akihudumia wagonjwa. Hakuna anayeweza kumwita mtu huyo mwoga au asiye na imani. Na katika Katekisimu Ndogo, ambayo kila aliyepata kipaimara ameisoma, tunakiri kwamba Mungu ametupa mwili na roho, macho na masikio na viungo vyote. Moyo ni kiungo chake. Sikio la muuguzi ni lake pia.

Mioyo miwili katika neno moja

Lugha yetu ina neno moja kwa mambo mawili. Moyo ni nyama inayosukuma damu, na moyo ni mahali pa nia, woga na upendo. Tunasema mtu amekata moyo, ana moyo mzito, ana moyo wa jiwe, na hatuna haja ya kueleza. Biblia nayo inasema hivyo. Ni utajiri, lakini unaweza kutudanganya. Mtu akisikia kwamba moyo wa jirani una kasoro, mawazo yake yanaruka upesi kwenye moyo wa pili: atakuwa ana dhambi iliyofichika, au chuki, au amerogwa na ndugu. Wagonjwa wa moyo wanabeba mzigo huo juu ya ugonjwa wao. Wanafunzi nao walimuuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, na katika Yohana 9 Bwana aliukataa msingi wa swali lao.

Basi tuseme wazi. Mvumo wa valvu hauoni nia ya mtu. Mtakatifu anaweza kuwa na valvu mbovu, na mwovu akawa na moyo unaopiga kama saa. Chombo cha daktari kinachunguza moyo wa kwanza tu. Moyo wa pili huchunguzwa na Bwana, kama alivyomwambia Samweli nyumbani kwa Yese, na hakuna mashine itakayomnyang'anya kazi hiyo. Kwa sababu hiyo hatuna haja ya kuiogopa mashine, wala kuitegemea kwa jambo lisilo lake.

Sikio ambalo mashine haina

Kitu gani basi mashine haisikii? Haikumsikia dada yetu aliyeficha kadi. Ingerekodi mvumo wake kwa usahihi, ingeuchora, ingeulinganisha na wa mwaka jana. Lakini isingejua kwamba haji kliniki kwa kuwa anamwogopa mama mkwe, au kwamba nauli imekuwa ada ya shule, au kwamba aliposhuhudia watu walimpigia makofi na sasa hajui arudi vipi nyuma. Dietrich Bonhoeffer, mchungaji Mlutheri, aliandika mwaka 1939 kwamba huduma ya kwanza tunayodaiana katika ushirika wa Kikristo ni kusikilizana. Mfalme Sulemani, alipoambiwa aombe atakacho, katika Kiebrania aliomba moyo unaosikia. Hospitali ina chombo cha kusikiliza valvu. Kanisa linadaiwa moyo unaosikia, na likikosa, mgonjwa atasikilizwa nusu tu.

Na kusikiliza huko kuwe na heshima ile iliyomfanya Laennec aviringishe karatasi. Sauti ya moyo iliyorekodiwa ni siri ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kanisa halipaswi kuwa na kiwango cha chini kuliko sheria ya nchi. Tusitangaze ugonjwa wa mshirika madhabahuni kwa kisingizio cha kumwombea. Tusimwite mtu mbele atoe ushuhuda ambao hajaulizwa kama yuko tayari kuutoa.

Kuhusu ushuhuda wenyewe, tunashauri utaratibu wa Marko 1. Mtu akijisikia amepona, tumshukuru Mungu pamoja naye palepale, kwa kuwa nafuu ni zawadi ya kweli. Halafu tumpeleke akapimwe, na dawa aendelee nazo mpaka aliyempa amwambie aache. Tukikumbuka jinsi moyo unavyoweza kusikika vizuri huku picha ikionyesha vingine, tutaona kwamba hata hisia ya wepesi kifuani haitoshi kuwa kipimo. Ushuhuda utakaotolewa baada ya hapo hautachelewa. Mungu hatapungukiwa utukufu kwa kungoja majibu ya kliniki.

Dada yetu alirudi kliniki. Mvumo ulikuwapo, na alianza sindano upya. Ameandikiwa kwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, ile iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, ili picha ionyeshe kama atahitaji upasuaji. Hatujui itakuwaje, na tunaendelea kumwombea apone kabisa. Mzee wetu wa Mgeta hakusema kwamba ameshindwa katika hoja. Alitoa nauli ya treni ya kwenda na kurudi, akasema atakwenda naye, kwa kuwa mtu hapelekwi shambani peke yake.

Hilo ndilo tunaloliomba kwa sharika zetu. Kila jumuiya iwajue wagonjwa wake wa kliniki na tarehe zao, kama inavyojua siku ya ibada ya nyumba kwa nyumba. Awepo mmoja wa kumsindikiza mgonjwa, na mwingine wa kubaki na watoto. Wazazi wapeleke zahanati mtoto anayeumwa koo, wasimpeleke kwa mkata kimeo. Wachungaji na wahubiri wasimwambie mtu aache dawa. Hatukupewa mamlaka hayo katika kuwekwa wakfu kwetu. Na tunapoweka mikono juu ya mgonjwa, tumwombe Bwana amponye, kisha tumuulize kwa sauti ya kawaida, "Kliniki yako ni lini?" Maombi na swali hilo vinatoka kinywa kimoja, na vyote viwili ni vya imani.

Bwana aliyeumba moyo na sikio atupe subira ya kusikiliza, na awatunze wote wanaohesabu mapigo yao usiku wa leo. Amina.